Saidi Aliyenishikia Waya

Wengine mtasema fundi huyu amevuta moshi wa dizeli mpaka kichwa kimeharibika. Semeni tu. Mimi nilikuwepo, nyinyi hamkuwepo, na lililonipata Muyinga lilinipata mchana kweupe, siku ya Ijumaa, jua likiwa utosini. Sikuwa na homa, sikuwa nimelala. Nilikuwa na njaa tu, na tangu lini njaa ikamletea mtu msaidizi?

Mimi nimekulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, na huko ndiko nilikojifunzia umeme wa magari. Siku hizi naishi Gitega, upande wa Mushasha, na kazi yangu ni umeme wa mashine nzito, hasa ule mfumo wa kusafisha moshi. Mashine za zamani zilitoa moshi mweusi na hakuna aliyeuliza. Hizi za sasa zina sensa kwenye bomba la ekzosi. Zinanusa moshi, zinapeleka habari kwa kompyuta. Waya mmoja ukikatika, kompyuta inanuna, inaikaba injini mpaka inakosa nguvu. Ukigusa chuma vibaya, fyuzi inaungua na injini inazima kabisa. Hapo ndipo mnaponikumbuka.

Basi nikaitwa kwenye machimbo ya mawe, nje kidogo ya mji wa Muyinga. Msimamizi wa pale, nitamwita Deo, alinipokea huku anaangalia saa. Akanionyesha mashine ya kupakia mawe, ile yenye ndoo kubwa mbele. Ubavu mmoja ulikuwa umebonyea.

“Dereva alikuwa amelewa,” Deo akasema. “Akaiangusha pale ku mteremko. Bon, tuliinua, tukanyoosha mabati, lakini injini haiwaki. Utengeneze, ufute makosa yote mu kompyuta, saa nane ianze kazi.”

Kufuta makosa ndiyo desturi yetu. Ukimaliza kutengeneza unabonyeza kitufe kimoja, kumbukumbu yote ya hitilafu inakwenda, mteja anafurahi. Nimefuta mara ngapi maishani? Hata sijui.

Adhana ikasikika, Waislamu wakaenda msikitini, wengine wakaenda kula maharagwe barabarani. Nikabaki peke yangu. Nikazima swichi ya betri, nikaifunga kwa kufuli yangu, na funguo zote, pamoja na ya kabini ambayo sikuwa nimeifungua bado, nikazitia mfukoni. Hilo silisahau kamwe, navipenda vidole vyangu.

Sasa, kupima waya mrefu kunataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kabini, anagusisha ncha ya waya kwenye chuma. Mwingine yuko chini kwenye bomba na mita. Waya ukiwa mzima, mita inalia. Nilikuwa nimesimama namlaani Deo kwa kuniacha bila mtu, ndipo nikasikia sauti juu yangu.

“Karibu, fundi. Mi njo Saidi, dereva wa iyi mashine.”

Nikainua macho. Mwanamume wa makamo, koti la kazi la bluu, ameegemea dirisha la kabini kwa ndani. Nikajiambia, kumbe yule mlevi hawakumfukuza! Nikamtania, “Na wewe huendi Ijumaa?”

“Mi sitoki hapa,” akajibu.

Jinsi alivyosema haikunipendeza, lakini nilihitaji mkono. Nikamwambia afungue plagi iliyo chini ya kiti, agusishe waya nikimwambia. “Shika!” Mita ikalia. “Achia!” Kimya. Waya wa kwanza, wa pili, wa tatu. Haki ya Mungu, sijawahi kupata msaidizi mwepesi hivyo. Kwenye waya wa nne, mita ililia kabla sijasema shika.

“Huo njo wenyewe,” akasema. “Pitisha mkono nyuma ya bomba. Iko mpira.”

Amejuaje? Nikapitisha mkono, nikafuta tope, nikakuta kiungo kilichofungwa kwa tyubu ya baiskeli. Tyubu imeyeyuka kwa joto la ekzosi, waya uko uchi, umelalia chuma. Nikakitazama kile kifundo. Jamani, fundi anaujua mkono wake, hata ipite miaka hajauona. Kifundo kilikuwa changu!

Mashine ile niliwahi kuishika Gitega, kabla haijaletwa huku. Ilikuwa jioni, mvua inakuja, sina tepu ya kuhimili joto. Nikafunga kwa tyubu, nikamwambia dereva wa wakati ule, hii ni ya muda tu, Jumatatu narudi. Jumatatu nikapata kazi nyingine Ryansoro. Sikurudi.

“Usifute, fundi,” Saidi akasema kutoka juu, taratibu kabisa. “Soma kwanza. Mi sinywaka pombe. Hata siku moja.”

Nikapanda ngazi na kompyuta yangu, nataka anieleze kiungo kile alikijuaje. Mlango wa kabini umefungwa. Nikagonga, nikaita. Nikatia mkono mfukoni: ufunguo uko humo humo. Niliufungua ule mlango. Kitini kuna vumbi lisiloguswa. Plagi chini ya kiti imebanwa na lachi, kile kibano chake, na tope limekaukia juu yake. Hakuna aliyeifungua. Sasa niambieni, nani alikuwa ananishikia waya? Mita ilikuwa inalia kwa kitu gani?

Mwenye akili zake angekimbia. Mimi nilisoma. Nikarudisha betri, nikachomeka kompyuta, makosa yakajipanga kwenye kioo, moja baada ya jingine. Kwanza waya wa sensa ya moshi umegusa chuma. Papo hapo fyuzi imeungua. Papo hapo injini imezimika. Mashine imejaa mawe, iko mteremkoni, injini imekufa, usukani umekuwa mgumu, breki hazishiki. Hapo hata malaika angeanguka nayo.

Deo akarudi anachokonoa meno. “Umemaliza?”

“Saidi yuko wapi?” nikamuuliza.

Kijiti kikamdondoka, akamwita Mungu wake. “Imana yanje! Nani alikupa iyo jina? Saidi walishamzika. Mashine ilimlalia.” Halafu akawa mkali. “Futa, alors! Futa, watu wafanye kazi!”

Nitasema kweli, hata mkinidharau. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Kubonyeza mara moja tu, na hakuna mtu duniani angejua kifundo ni cha nani. Saidi angebaki mlevi, mimi ningebaki fundi mzuri. Na nilitaka kubonyeza, wallahi nilitaka, mimi Mkristo naapa kwa kiapo cha Waislamu. Lakini aibu ilinizuia. Nikapiga picha ya kile kioo, nikamwambia Deo hapa hafuti mtu.

Nyumba ya Saidi sikuitafuta sana. Watoto walinionyesha “kwa yule mlevi.” Mkewe, Mama Shakila, alikuwa barazani anashona. Nikamweleza yote: waya, tyubu, Jumatatu niliyoahidi. Hakulia. Alisimamisha cherehani, akamwita mkwewe, baba yake Saidi: “Baba, njoo usikie huyu mtu.” Mzee huyo tangu mazishi alikuwa akiswali ndani, anaona haya maneno ya watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akasema, “Twende. Utasema mbele yao. Na utasema kwa sauti.”

Baada ya swala ya alasiri nikasimama nje ya msikiti, nikawaambia watu kwamba Saidi hakuwa amelewa, aliuawa na kazi yangu mbovu. Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga.

Ile kampuni haijaniita tena, na nyingine zimesikia. Nikipima waya peke yangu, mara nyingine mita hulia kabla sijagusa kitu, nami nasimama, nangoja mtu aseme. Hasemi. Usingizi wangu ni wa vipande vipande. Mama Shakila nilimwomba msamaha. Alinijibu kwamba kusamehe anamwachia Mungu, yeye ana nguo za watu za kushona. Lakini nasikia mzee sasa anaswali safu ya mbele.

Wewe fundi unayenisikiliza huku unacheka, cheka umalize. Mahali fulani kuna kazi uliyoilipua, ukasema utarudi. Unaijua, usijifanye umesahau. Usingoje Jumatatu. Nenda leo, maana kuna mtu amekaa juu yake sasa hivi, anafanya kazi, na anakuamini.