Mama Mboji na Maji ya Tumbaku

Kabla hajaitwa Mama Mboji alikuwa mke wa mtu, kisha mjane wa mtu, kisha mwenye shamba la ekari moja na nusu ambalo kila aliyelipita alitikisa kichwa. Udongo wake ulikuwa umechoka. Marehemu mumewe aliumwagia mbolea ya chumvichumvi miaka kumi na miwili mfululizo, na mwishowe ukagoma, ukawa mgumu kama kigae. Watu wa shirika moja la kilimo hai walipokuja kutafuta mahali pa kufanyia mafunzo, waliambiwa kwa utani: nendeni kwa yule mjane, mkiweza pale mtaweza popote. Wakaenda kweli.

Jina alipewa na wifi yake, dada wa marehemu, aliyekaa nyumba ya pili na ambaye ulimi wake haukuwa na breki. Kila alipokuja kumjulia hali alimkuta ameinama kwenye lundo la mboji, kiganja kimejaa udongo mweusi, ananusa. "Wenzio wanajipaka manukato, wewe unajipaka mboji," akamwambia. Likaganda hilo hilo. Hata wanawe walipopiga simu waliuliza, "Mama Mboji hajambo?"

Mwaka wa tatu kabichi zake zilikuwa kubwa kiasi cha kubebwa kwa mikono miwili, na shirika likamgeuza mwalimu. Elimu yake ilikuwa darasa la saba, lakini mdomo alipewa. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi wakulima walikusanyika kwenye banda la mabati makuukuu nyuma ya nyumba yake, juu ya mabenchi yaliyoazimwa shuleni, na yeye akasimama mbele yao na kanga yake kiunoni akiwafundisha kama mtu anayesimulia habari za jirani. Alichomeka kijiti kwenye lundo la mboji, akakichomoa, akawashikisha. "Kikiwa cha moto, lundo lina homa ya heri. Kikiwa baridi, mmezika maiti, fukueni mzike upya." Watu walicheka na hawakusahau.

Asiyesahau kabisa alikuwa Mzee Daftari. Huyu alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye bustani ya nyanya ng'ambo ya mtaro. Kuandika alijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya jioni, na tangu hapo hakuna neno lililompita bila kulitia kwenye daftari. Alikaa benchi la mbele, miwani yake imefungwa uzi. Wenzake walisema mwalimu akipiga chafya, Mzee Daftari anaandika. Mkewe naye alikuwa akija, hakai darasani, anasimama kwenye mtaro akiongea na wanawake wanaopita, na mkutano ukiisha anampungia Mama Mboji mkono na kupaza sauti, "Umemaliza kunifundishia huyu mzee wangu?"

Mwezi ule kabla ya mambo kuharibika, Mama Mboji aliwafundisha dawa ya majani ya mwarobaini. Aliitengeneza mbele yao, akachovya kidole kwenye ndoo, akakilamba, akakunja uso kwa uchungu wa majani, akasema, "Dawa ya dukani nani atailamba?" Banda zima likapiga makofi.

Mwezi uliofuata majani ya mwarobaini hayakupatikana. Akafundisha ya tumbaku. Alikuwa ameiloweka tangu jana yake, maji yamekuwa rangi ya chai iliyolala. Na dawa hii yeye mwenyewe alifundishwa mjini, siku mbili, na aliyemfundisha alirudia mara tatu kwamba tumbaku si mwarobaini: lazima mtu avae glavu, asiiache karibu na chakula, chupa iandikwe, na asitokee mkulima akadhani kwamba kitu cha asili hakiui. Karatasi yenye maneno hayo alikuwa nayo kwenye mkoba wake siku ile ile. Lakini glavu zilikuwa jozi moja, kidole gumba kimechanika. Mawingu yalikuwa yanajikusanya, chakula kilikuwa kimeiva na watu wameanza kukisikia harufu. Akaona akianza habari za sumu, nusu yao wataogopa waache, warudi kwenye dawa za dukani. Akairuka.

"Hii na ile ya mwezi uliopita ni ndugu wa tumbo moja," akasema. "Ni ya asili, haina sumu ya dukani. Vidukari, viwavi, minyoo, vyote vinalala chali."

Sauti ya mwanamume ikatoka nyuma. "Mwalimu, mbona leo hulambi?"

"Leo nimeshiba," akajibu, na watu wakacheka mpaka mvua ikaanza.

Walichota dawa kwa haraka wakaijaza kwenye chupa za maji ya kunywa walizokuja nazo. Chupa thelathini na mbili. Hakuna hata moja iliyoandikwa kitu.

Jumamosi asubuhi alikuwa anageuza lundo kwa uma wa shamba alipomwona wifi yake anakuja bila salamu, na huyo hakuwa mtu wa kukosa maneno.

"Mke wa Mzee Daftari amefariki."

"Wifi, acha. Jumanne si alinipungia mkono?"

"Amefariki. Wanasema kanywa dawa yako."

Habari ikakusanyika vipande vipande kadiri siku ilivyopanda. Mama yule alikuwa anasumbuliwa na tumbo wiki kadhaa. Zahanati walimwambia ni minyoo, na kwamba dawa zimekwisha, arudi wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa bado. Mzee Daftari akafungua daftari lake, akasoma alichoandika, akapiga hesabu zake za mtu mwenye huruma: kama inaua minyoo shambani, na ni ya asili, na ndugu yake mwalimu mwenyewe aliilamba tukimwona. Asubuhi kabla ya chai akampimia mkewe kwenye kikombe. Mkewe akainywa kwa kuziba pua, akasema ni chungu mno, akaomba maji. Maji yalipofika alikuwa tayari anatapika na kutetemeka mikono. Walipompakia kwenye pikipiki hakuweza kujishika. Alikata roho kwenye benchi la zahanati ile ile iliyomwambia arudi wiki ijayo, na muuguzi alipouliza amekunywa nini, mumewe akajibu, "Dawa ya asili."

Mratibu wa shirika alifika kabla ya mazishi, kijana wa mjini mwenye fulana yenye nembo, ambayo safari hii alikuwa ameivaa nje ndani ili nembo isionekane. Akamkalisha Mama Mboji jikoni.

"Mama, tulia. Wewe ulifundisha dawa ya mimea. Hukumwambia mtu anywe."

"Sikumwambia asinywe pia."

"Hilo usilirudie mbele ya mtu yeyote. Ukiulizwa, sema alielewa vibaya. Ni mzee, kuandika kwenyewe kajifunza juzi. Tuna vikundi arobaini vinatutegemea, mama. Ukianguka wewe, vyote vimeanguka."

Mazishini Mama Mboji alikaa nyuma kabisa, kati ya wanawake wasiomjua. Mzee Daftari alisimama kando ya kaburi, mikono imening'inia kama ya mtu aliyetua mzigo asijue auweke wapi. Udongo haujakauka juu ya kaburi, mashemeji zake, ndugu wa marehemu, wakamshika mkono mmoja huku na mmoja huku wakampeleka kituo cha polisi. Kampa dada yetu sumu, wakasema. Hakubisha. Watu walisema aliomba kitu kimoja tu, achukue daftari lake.

Siku ya kwanza Mama Mboji alimwagilia miche. Siku ya pili alimwagilia miche ile ile mara mbili, maji yakatuama. Aliitoa ile karatasi ya mjini kwenye mkoba akaisoma, akairudisha, akaitoa tena. Alijiambia kwamba maneno ya mratibu yana ukweli, na kweli yalikuwa nao kidogo. Na ukweli huo kidogo ndio uliomzuia kuinuka. Siku ya tatu wifi yake aliingia, akamkuta amekaa kwenye kigoda anaangalia ukuta.

"Mzee wa watu analala sakafuni," wifi akasema. "Na ulimi uliokuwa ukihubiri kila Jumanne umeumeza."

"Nitasema nini, wifi?"

"Sijui. Mimi sikuwepo. Wewe ulikuwepo."

Akainuka akajifunga kanga.

Chumba cha kituo kilikuwa na meza moja, viti viwili na kalenda ya mwaka uliopita. Askari mmoja wa makamo, mwenye mafua, alimsikiliza huku akipenga kamasi, kisha akavuta mfuko wa nailoni kutoka droo. Daftari lilikuwa ndani. Akalifungua, akaanza kusoma bila kupandisha wala kushusha sauti, kama anayesoma orodha ya vifaa.

"Dawa ya mwarobaini. Mwalimu amechovya kidole, amelamba mbele yetu, hakudhurika." Akafunua ukurasa. "Dawa ya tumbaku. Ni ndugu wa tumbo moja na ile ya mwarobaini. Ni ya asili, haina sumu ya dukani. Inaua vidukari, viwavi, minyoo." Akasogeza daftari karibu na macho. "Leo mwalimu hakulamba. Amesema ameshiba."

Askari akainua kichwa. "Haya ni maneno yako?"

"Ni yangu."

"Yote?"

"Hakuongeza hata moja."

"Ulikuwa umeshiba?"

Mama Mboji akasema, "Hapana. Tulikuwa hatujala."

"Sasa kwa nini hukulamba?"

Alikuwa na njia ya kupita hapo. Angeweza kusema haikuwa desturi, kwamba ile ya kwanza ilikuwa mzaha. Aliangalia mwandiko ule, herufi kubwa kubwa zilizokaa kwenye mstari kama miche iliyopandwa kwa kamba.

"Kwa sababu nilijua," akasema.

Mzee Daftari aliachiwa siku iliyofuata. Mama Mboji aliitwa kituoni mara nne zaidi, akaandikishwa maelezo, akaambiwa asisafiri, kisha jalada likalala mahali na hakuna aliyeliamsha. Shirika lilimletea barua ya mistari mitano, likaondoa kibao chake cha mafunzo barabarani. Mratibu hakuja mwenyewe.

Kazi aliyojipa ilikuwa kuzikusanya chupa. Alikuwa na orodha ya mahudhurio. Alikwenda nyumba kwa nyumba, kilomita nyingi kwa miguu, akabisha hodi na kusema maneno yale yale: ile dawa niliyowapa ni sumu, nilijua, naomba mnirudishie. Wengine walimpa bila kumtazama. Mama mmoja aliitoa kabatini, karibu na mafuta ya kupikia, na alipoelewa alichokuwa ameshika akakaa chini mlangoni. Bwana mmoja alimcheka, akasema ameshaimaliza kwenye kabichi na vidukari wamekwisha, ina shida gani. Alipata chupa ishirini na tisa. Moja alionyeshwa ikiwa tupu. Moja ilikuwa kituoni. Mwenye ya mwisho alikuwa amehama na familia yake, na hakuna aliyejua wamehamia wapi.

Kwa Mzee Daftari alikwenda mwisho kabisa, ingawa ndiko karibu kuliko kote. Alimkuta kwenye nyanya, anakata machipukizi kwa kucha kama alivyomfundisha.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

Akapiga magoti pale pale kwenye tuta. "Nimekuja kuomba msamaha."

Mzee hakuacha kazi. Alimaliza mche mmoja, akahamia wa pili.

"Mashemeji zangu wanasema nimemuua," akasema mwishowe. "Wewe umekwenda kule umesema umemuua wewe. Nakushukuru kwa hilo. Lakini kikombe nilikishika mimi. Alisema ni chungu, nikamwambia maliza."

"Ni mimi niliyekwambia..."

"Ninajua ulichoniambia. Niliandika." Akakata chipukizi jingine. "Nilikuwa naamini mtu akishajua kusoma, basi. Inuka, mwalimu, unaniharibia tuta."

Hawakuongea tena hivyo. Watu walimwona mzee akiendelea na nyanya zake mpaka msimu ukaisha, na msimu uliofuata akaliacha shamba likawa majani, akaenda kukaa kwa mwanawe. Daftari hakwenda kulichukua kituoni.

Mwaka wa pili baada ya msiba shirika jingine lilikuja na mafunzo yake. Walichagua uwanja wa shule, wakaja na hema, spika na mwalimu kijana mchangamfu aliyejua kuchekesha watu. Mama Mboji alikwenda, akakaa benchi la nyuma. Wachache waliomtambua walisogea kidogo. Kijana yule alifundisha mboji, na alifundisha vizuri, ikabidi akubali moyoni. Kisha akainua ndoo.

"Hii, wazee wangu, ni ya asili kabisa. Haina madhara yoyote."

Mama Mboji alisimama. "Mwanangu, hiyo ni nini?"

"Ni tumbaku, mama, na pilipili."

"Waambie inaua mtu."

Kijana akatabasamu kwa adabu. "Mama yangu, maswali tutayapokea mwishoni."

Akakaa akangoja mwishoni. Mwishoni mgeni rasmi alichelewa kumaliza hotuba, chakula kikawa kinapoa, na mshereheshaji akatangaza kwamba kwa sababu ya muda maswali yataandikwa kwenye karatasi. Watu wakapanga foleni, kila mmoja akapewa chupa yake. Zilikuwa na lebo nzuri ya kijani, picha ya jani, na hakuna neno jingine.

Mama Mboji alitoka kabla yao akasimama kwenye geti la shule, mahali penye upenyo mmoja tu wa kupitia. Kila aliyepita na chupa alimgusa mkono. "Hii ni sumu. Usiiweke ndani. Mwanamke mmoja alikufa, mimi ndiye niliyempa." Wengine walisema ahsante mama. Wengine waliharakisha, wakamchukulia kuwa hana akili sawa. Binti mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alisimama, akamsikiliza mpaka mwisho, akaitazama ile lebo, kisha akauliza kama basi itafaa kuwapaka kuku wenye utitiri.

"Hapana," Mama Mboji akasema, na akaanza kumweleza upya.