Njia ya Kumshusha Mama

Nyumba yetu ya Kiseke iko juu ya mawe. Gari linaishia chini, kwenye duka la vinywaji, na kutoka hapo unapanda kwa miguu, mara unajipenyeza kati ya mawe mawili, mara unashika ukuta wa jirani. Tulipojenga tulisifia upepo wa ziwa. Hakuna aliyewaza mgonjwa atashukaje. Mimi nilianza kuwaza mama alipohamia kwetu kutoka Misungwi, na presha yake, na moyo ambao daktari alisema umechoka.

Mimi ni mtu wa kujiandaa kupita kiasi; mume wangu husema naweza kufunga mizigo hata ya safari ya jirani. Nyuma ya mlango wa chumba changu kulikuwa na mkoba wenye kanga, shuka, kadi ya bima, dawa za akiba na chaja ya simu. Tochi haikosi chaji, na madumu ya maji hayalali matupu. Lakini yote hayo niliyafanya kimyakimya, maana mama hapendi. Kwake, kuutaja ugonjwa ambao haujaja ni kuuita. Siku alipouona ule mkoba nilimwambia ni nguo za msaada za kanisani. Akaenda chumbani kwake, akarudi na blauzi, akaitia humo.

Ikabaki njia. Nikamwita fundi, nikamwambia avunje jiwe lililobana kona, ajenge ngazi pana za kupita watu waliobeba kitu, na geti alipanue. Mama nilimwambia tunataka kurahisisha kupandisha maji. Fundi akawasha moto juu ya lile jiwe mpaka likapasuka, akaanza kuponda vipande vyake kwa nyundo, na mlima mzima ukawa unaitika.

Siku zilivyosogea mama akaanza kuacha chakula. Alikaa barazani akimwangalia fundi, watoto wa majirani wakipita na shikamoo zao anaitikia marahaba bila kugeuza shingo. Nikadhani ni moshi unamsumbua. Siku saruji ya mwisho ilipomwagwa nilimkuta chumbani anakunja vitenge vyake na kuviingiza kwenye begi. Akasema anarudi Misungwi.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mwanangu. Ila kama mnatengeneza njia ya jeneza, nipelekeni mapema, wakati bado natembea. Mimi nitalala kwangu, karibu na baba yako."

Ilinipasa kujua, maana kwetu ndivyo inavyokuwa. Mzee akizidiwa, watoto wanatoka mjini na mifuko ya saruji. Barabara inachongwa ili magari ya msiba yafike, ukuta unapakwa rangi, geti linapanuliwa, na mgonjwa yuko kitandani anasikia sepeto. Hakuna anayemwambia kitu, naye haulizi. Mama ameshuhudia hayo kwa wazee wenzake wengi. Na mimi, kwa ujanja wangu wote wa kuficha, nilikuwa nimemfanyia hivyohivyo mbele ya macho yake.

Nikakaa sakafuni nikamweleza kila kitu, mkoba, tochi, ngazi. Nikamwambia njia ni ya kumshusha akiwa anapumua, awahi hospitali, arudi nyumbani. Nikaenda stoo nikamletea na kiti. Kilikuwa kiti cha kawaida cha mbao, mume wangu amekifunga miti miwili ubavuni, kwa sababu yeye ni mkwe na hawezi kumshika mama mkwe wake, lakini mti anaweza kuushika. Nilikuwa nalia, na nilikuwa nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani.

Mama alikiangalia kile kiti kwa muda. Akajaribu uimara wa kamba kwa kidole.

"Basi nibebeni sasa hivi," alisema. "Mchana huuhuu, nione kama mnaweza."

Mume wangu alishika mbele, jirani yetu mwalimu akashika nyuma. Mama alijifunga kanga vizuri, akakaa wima. Kwenye kona mwalimu aliyumba kidogo, na mama akamwelekeza atangulize mguu wa kushoto. Majirani walitoka mbio mikono kichwani, wakidhani amezidiwa. Yeye akawapungia, akawaambia haya ni mazoezi tu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika dagaa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilifuata nyuma na mkoba wangu begani, kwa mara ya kwanza bila kuuficha.

Tulipofika dukani mama aliagiza soda. Wabebaji wakaenda kujifuta jasho kivulini, sisi tukabaki kwenye benchi. Alikunywa taratibu, halafu akanisogelea.

"Mwezi uliopita nilibanwa hapa," alisema, akagusa kifua. "Wewe ulikuwa jikoni unapika. Nikanyamaza."

Nikamuuliza kwa nini hakuniita.

"Ungenifanya nini, mwanangu? Nilijua mlima huu hamwezi kunishusha. Nikaona ya nini kuwatesa, nikageukia ukutani, nikasubiri."

Nilimshika mkono. Aliuacha mkono wake hapo. Alitazama juu, kule tulikotoka, akamaliza soda yake.

"Sasa nikibanwa nitakuita," akasema.