Chupa Zilizovaa Koti

Pale kwenye duka la dawa za jumla kila mtu alimwita Shangazi, hata bosi aliyemzidi umri. Miaka mingi aliendesha pikapu ya duka, akisambaza makatoni ya dawa kwenye zahanati za pembezoni, na hakuwahi kugonga hata kuku. Halafu bosi akaiuza pikapu. Kisa? Eti inakunywa mafuta. Akaleta pikipiki tatu, moja ya Shangazi na mbili za wasambazaji wengine, akazipigapiga tangi kama mtu aliyenunua ng'ombe wa maziwa, akasema, "Hizi mafuta zinanusa tu."

Sawa, zinanusa. Na vingine je, nani alivihesabu? Mvua inayoingia mpaka kwenye mifupa, mgongo unaogoma kunyooka asubuhi, malori yanayokupita ubavuni utadhani hupo? Ukiwa kwenye pikapu, ukiteleza inaumia bampa. Kwenye pikipiki bampa ni wewe mwenyewe. Hayo bosi hakuyaweka kwenye hesabu zake, maana hayakutoka mfukoni mwake.

Mume wa Shangazi, fundi cherehani, usingizi ulimpaa. Ndiye aliyemtafutia koti zito la kuendeshea, lenye sponji ngumu viwikoni na mabegani. "Hili usilivue, mama watoto," alimwambia. "Mkono ukiharibika mimi sina kiraka chake." Shangazi akacheka, akamwahidi.

Sasa sikia jambo la kukera. Dawa za watoto zilikuwa kwenye chupa za vioo, na barabara za huko ni mashimo matupu. Chupa ikivunjika, aliyeibeba anakatwa mshahara. Basi wasambazaji wakabuni ujanja wao: unavua koti, unaliviringisha kwenye katoni, unafunga na mpira. Chupa zinafika nzima, wewe unafika unatetemeka. Bosi aliwaona kila asubuhi wakitoka getini na vishati vyao, na hakuwahi kusema neno.

Shangazi naye alivua. Asubuhi moja ya manyunyu, kwenye kona yenye kokoto, tairi la nyuma likateleza. Aliburuzika kwenye lami kwa mkono wa kulia. Wapita njia wakamkalisha kando ya barabara, akampigia bosi simu kwa mkono wa pili.

"Bosi, nimeanguka."

"Aa, pole. Chupa zimepona?"

Akageuka kuitazama katoni. Koti lilikuwa limechanika kiwiko, na ndani yake chupa zote zilikuwa nzima. Mkono wake ulikuwa umevunjika, na ngozi yake imebaki barabarani.

Nyumbani mumewe hakumgombeza. Aliketi kwenye cherehani, akaanza kushona kile kiwiko cha koti taratibu, bila kumtazama. Hilo lilimuuma Shangazi kuliko mfupa.

Plasta ilipotolewa akarudi kazini. Bosi alimpokea kwa bashasha mbele ya wenzake. "Huyu ndiye mfanyakazi," alisema. "Kaanguka, na hata chupa moja haikuvunjika. Kuanzia leo kila mtu afunge mzigo kama Shangazi." Akamsukumia katoni.

Shangazi alilichukua koti lake, akalivaa, akavuta zipu mpaka kidevuni.

"Koti silivui tena," alisema. "Na bila koti chupa hizi hazifiki. Kama pikapu ilikuwa ghali, gari lako si lile pale nje?"

Msambazaji wa pili akavaa koti lake, wa tatu akafuata. Simu ya mezani ikaanza kulia. Ilikuwa zahanati, wanauliza dawa za watoto ziko wapi. Bosi akanung'unika, akatazama huku na huku, akaibeba katoni mwenyewe mpaka kwenye gari lake na kuiweka kiti cha mbele.

Kisha, bila hata kufikiri, akavuta mkanda wa kiti, akaifunga katoni vizuri, akaujaribu kama umekaza.

Shangazi aliyaona yote kutoka mlangoni, na mkono ule uliopona ukaanza kumuuma upya. Kumbe siku zote bosi alijua jinsi ya kulinda kitu asichotaka kivunjike.