Hadithi ya Koko kwenye Mitumbwi ya Kuzunguka

Patron wangu wa kazi hapa mjini Baraka alinunua bembea ya mitumbwi ya chuma ya kuzungusha watoto, akataka kipaza sauti kiwasimulie hadithi ya Kibembe. Kuichagua nikapewa mimi, mtaalamu wa utamaduni. Utaalamu wenyewe ni diplome na kofia ya ukindu.

Nikapanda mlimani Fizi kwa koko, mama yake mama yangu, nikamrekodi kwa simu. Kibembe nakijua cha salamu tu, lakini mtaalamu haulizi. Nilitikisa kichwa kuitikia mpaka shingo ikauma. Alipopandisha sauti, nikajua mamba ameingia hadithini. Jina langu lilipita mara tatu, nikaona sawa kabisa, shujaa ni wajina wangu.

Siku ya kufungua, sauti ya koko ilipotoka kwenye kipaza sauti, bamama wa Ubwari, Wabembe wenyewe, walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikainama kupokea sifa.

Patron, ambaye si Mubembe, akamuuliza mmoja wao, "Mama, hadithi inasema nini?"

"Haiko hadithi," akajibu akifuta machozi. "Huyu muzee mwanamuke analalamikia mujukuu wake. Alimuomba sukari, yeye akamuletea simu. Anasema, mumuangalie, anaitikia na kichwa na hasikie hata neno moja."

Nami, kwa mazoea, nilikuwa natikisa kichwa.