Bwana Mtetemo

Kazini tunamwita Bwana Mtetemo. Kwenye kilima kilicho juu ya ofisi yetu amefukia waya wa faiba, uzi wa kioo mwembamba kama unywele, unaomwonyesha kwa mwanga kila udongo unapotikisika au kuvutika, ili ajue mapema ardhi ikianza kuporomoka. Kutwa ameikodolea macho skrini, kidole kikifuata mstari polepole kama daktari anayepapasa tumbo. "Huyo mbuzi," anasema. "Na hiyo pikipiki, tena imebeba mtu mnene." Huongea kwa sauti ya chini, asije akaushtua udongo. Kikombe chake cha chai huteleza chenyewe kuelekea ukingoni mwa meza, naye hukirudisha bila kukitazama. Mlango ukikwama, humwita fundi aurande.

Juzi nikiwa ofisini mwake, katibu aliingia, akaufunga mlango kwa kuusukuma na bega. "Kaka, ukuta wa nyuma yako umepasuka, mkono wangu unaingia!"

Hakugeuka. "Dada, waya ungesema."

"Waya uko kilimani! Sisi tuko huku chini!"

Katibu akasonya, akashika kitasa atoke. Akavuta, wapi. Bwana Mtetemo akachukua simu, nami nikashusha pumzi: hatimaye ameelewa.

"Fundi, njoo na randa," akasema, akikidaka kikombe. "Na leo uanzie nje, sisi tuko ndani."