Kifaru Tulichokijenga Katonga

Watu wa Kigoma wa rika langu wakikutana nami bado huniuliza habari za kifaru. Hawaulizi juu ya Ujerumani Mashariki nilikokaa miaka minne, wala juu ya stashahada ya mitambo niliyorudi nayo, ya kwanza katika mtaa wetu wa Buzebazeba na, kwa miaka mingi, ya pekee. Wanauliza kifaru. Sioni vibaya. Nilikichora mimi, na kilitembea.

Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha na askari wa mkoa wetu walitarajiwa kurudi. Mimi nilikuwa nimetangulia. Kule vitani nilikuwa fundi wa magari na mitambo, na vifaru nilivifahamu kuliko wengi waliovipanda, kwa sababu nilivifahamu kwa ndani. Kwenye kikao cha maandalizi ya mapokezi, watu walipendekeza ngoma, kwaya na gwaride la watoto wa shule. Nikasimama nikasema nitajenga kifaru cha vita, ukubwa uleule, kitembee chenyewe na kugeuza mzinga. Ukumbi mzima ulicheka. Mmoja akauliza kama nitakisuka kwa matete.

Ofisa wa mkoa aliyeongoza kikao hakucheka. Alijua nina barua ya uhamisho mfukoni. Nilitakiwa Dar es Salaam kufundisha darasani, wakati mama yangu alikuwa peke yake Buzebazeba na mguu wake mmoja ulikuwa umeanza kukataa kazi. Nilikuwa nimemwomba ofisa anibakize, maana karakana ya mkoa haikuwa na mkuu. Baada ya kikao aliniita pembeni.

"Kifaru chako kikifika uwanjani kwa nguvu zake, nitaandika ubaki na karakana utaichukua," alisema. "Kisipofika, Ndugu, utapanda treni."

Nyuma ya karakana hiyo kulikuwa na katapila dogo lililokufa, nyasi zimeota kati ya minyororo yake. Nililifufua kwa siku tisa. Nasema hivi bila kujivuna kupita kiasi: hapakuwa na mtu mwingine kati ya Kigoma na Tabora ambaye angelifufua. Lakini katapila ni moyo na miguu tu. Mwili wa kifaru ulitaka chuma ambacho mkoa mzima haukuwa nacho. Kulikuwa na mbao, na wenye kujua mbao walikuwa Katonga, ufukweni mwa ziwa.

Mzee niliyemwendea alikuwa fundi wa mitumbwi na maboti. Baba yake alivuka ziwa kutoka Kongo na kazi hiyo mikononi, na yeye aliirithi. Nilimsalimu shikamoo, nikamkunjulia michoro yangu mchangani, urefu, upana na kimo vyote kwa sentimita. Aliitazama kwa heshima, akaikunja vizuri, akanirudishia. Kisha akaniomba nisimame nimwonyeshe kwa mikono kifaru kinafika wapi. Nilijisikia kama mtoto anayeeleza ukubwa wa samaki. Akachukua kamba, akafunga mafundo kufuata maneno yangu, na kamba ile ndiyo iliyojenga kifaru. Baadaye nilipima kwa futi yangu. Alikuwa amekosea kwa upana wa vidole vitatu.

Kichwa cha kifaru, kile kinachobeba mzinga, alikijenga kama boti lililopinduliwa, mbavu kwanza, mbao baadaye. Mimi nilikiweka juu ya habu ya gurudumu la lori kikazunguka kwa mkono mmoja, na mzinga nikautengeneza kwa bomba la maji. Wavuvi waliokuja na migebuka asubuhi walipita kukitazama kabla ya kwenda kuuza. Waliniita Injinia, na sikuwakataza.

Katika kazi za Katonga kulikuwa na desturi moja ambayo sikuifikiria. Chombo hakitoki mkononi mwa fundi kikiwa na ufa. Kila palipokutana mbao mbili, mzee na wenzake walisokomeza pamba iliyolowa mawese, wakaigonga kwa patasi butu mpaka hata sindano isingepita. Nilipomwambia kifaru hakiendi majini, alinijibu kwamba yeye hajui namna nyingine ya kumaliza kazi. Nikamwachia. Hata mawese yenyewe yalitoka kwenye chungu cha mama yangu.

Siku mbili kabla ya mapokezi tulikitoa kwa majaribio. Kilipakwa rangi ya kijani kikapendeza, na kilipoanza kuunguruma watu walikimbia nyuma yake toka sokoni. Mimi nilikuwa ndani, kwenye usukani. Kwenye tambarare kilikwenda vizuri. Kilima kilipoanza, joto lilijaa humo kama tanuri. Mawese yakayeyuka kwenye nyufa, yakadondokea injini, na harufu ya kukaanga ikatoka kwenye tundu la mzinga. Nikasikia mtu nje akiita wenzake walete sahani, kifaru kinakaanga migebuka. Rejeta ikachemka, injini ikazima. Wakanitoa nikiwa nakohoa, ovaroli imelowa kama nimevuliwa ziwani.

Watu walipotawanyika nilikaa kando ya mnyororo na michoro yangu. Nilikuwa nimechora umbo la nje bila kosa, hata kulabu za kuvutia. Njia ya hewa ya kupoza injini sikuichora kabisa. Nilizoea kuiona kwenye vifaru vya kweli, nikadhani itakuwepo yenyewe. Na kama mzee angeacha nyufa kama seremala mwingine yeyote, pengine hewa ingepita. Hivyo ukamilifu wake na kosa langu vilikutana humo ndani.

Nilimwomba azibue. Alisema tangu ashike patasi hajawahi kufungua chombo chake mwenyewe, na kwamba mtu atakayeona nyufa zile uwanjani hatauliza injini inataka nini. Atasema tu, boti za huyu zinavuja.

"Mzee, bila hewa mimi napanda treni," nilimwambia. "Mama anabaki peke yake."

Akanitazama. "Weye ulisoma mpaka Ulaya," alisema, "ukasahau kwamba kitu kinapumua." Kisha akachukua patasi. Hakumruhusu mwenzake yeyote amsaidie. Alitoa pamba yote kwa mkono wake, ufa baada ya ufa, na ubavuni mwa injini akang'oa mbao mbili nzima.

Siku ya mapokezi sikuona gwaride. Niliona vipande vya mwanga kwenye zile nyufa, na miguu ya watu ikikimbia pembeni. Kilima tulikipanda bila kusimama. Uwanjani niligeuza mzinga kulia na kushoto, na askari, ambao ndio niliowaogopa kuliko wote, walipiga makofi.

Ofisa alikuja na wageni, akakizunguka kifaru, akaingiza kidole kwenye ufa. Akauliza, kwa sauti ya kusikika, ni fundi gani wa Katonga anayemaliza kazi hivi. Mzee alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, amevaa kanzu yake ya Idi. Hakuinua macho.

Mimi ni mtu wa kusema ninachojua, na hadi siku ile sikuwahi kukiri mbele za watu kwamba kuna nisichokijua. Nilisema.

"Kosa ni langu, Ndugu. Alikimaliza bila ufa hata mmoja. Mimi sikuchora njia ya hewa, ikabidi aharibu kazi yake ili injini yangu ipumue."

Wageni walitazamana. Nilihesabu tayari nimepanda treni. Ofisa akapangusa kidole chake chenye mawese kwenye leso.

"Lakini kimefika?"

"Kimefika."

"Basi Jumatatu njoo uchukue funguo."

Niliiongoza karakana ile miaka ishirini na mbili, na mama alikula chakula cha jioni nami mpaka mwisho wake. Katapila lilirudi kazini kusawazisha barabara. Mbao nilizirudisha Katonga mwenyewe, kwa lori la karakana. Mzee akazijengea boti, na nilipokwenda kuliona alinipa patasi butu na pamba, akanionyesha ufa mmoja aliouacha wazi ubavuni. Aliniambia huo niuzibe mimi. Niliuziba. Halikuvuja.