Sahani Sita za Bwana Albano

Temeke, mwaka hamsini na tatu, Mzungu mmoja alitoka mbio kwenye baraza la watu, akasahau kofia yake kwenye kiti.

Hakuna aliyemtukana. Bibi yangu Hamisa alimuuliza swali moja tu.

Tuanze na mpuuzi mwenyewe, Albano.

Karani wa bandarini, mtu wa bara, soksi mpaka magotini. Bosi wake Mzungu alimgawia santuri kuukuu na sahani sita za simfoni, muziki wa Waingereza wa tangu kabla ya vita ya Mjerumani. Wapigaji themanini, fidla na matarumbeta. Wimbo mmoja tu, sahani sita, mbele na nyuma.

Basi akawa hashikiki.

Kila Jumapili alasiri anakaribisha mtaa mzima barazani kwake. Anafuta sahani kwa leso, anazungusha hendeli, anafumba macho kama kaumwa jino.

"Huu ndio muziki wa watu waliostaarabika," anasema. "Siyo lelemama ya Bi Hamisa, wanawake wazima kutikisa mabega."

Na watu nao, loh. Hawaelewi kitu, wanatikisa vichwa. Mwanaasha, aliyeimba na Hamisa miaka tisa, akaanza kuona haya kuvaa sare ya kikundi, mwishowe akaacha kuja.

Hamisa hakuwajali mpaka Mzee Mwinshehe alipotangaza kwamba harusi ya bintiye huenda ikapigwa simfoni.

Harusi kubwa kuliko zote mwaka ule. Akiikosa hiyo, kikundi chake kimekufa.

"Jumapili bosi wa Albano anakuja kusikiliza," Mzee alisema. "Akiisifu, naichukua."

Hamisa akavaa kanga mpya, akaenda kukaa mbele kabisa.

Sahani ya kwanza. Wimbo wa taratibu, kama watu wanaomleta bwana harusi, bado wako mbali.

Si mbaya, akajisemea.

Albano akaigeuza. Wimbo uleule ukarudi na matarumbeta yote, magoma, kishindo, pigo la mwisho. Kimya.

Hamisa alikuwa akifungua na kufunga ngoma tangu usichana. Alijua hapo watu wanatafuta viatu vyao.

Albano akaweka sahani ya pili. Ya tatu. Ya sita ikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo.

Mzungu akapiga makofi. "Nzuri sana," akasema kwa Kiswahili chake cha ofisini. "Hasa mwisho wake."

Hamisa akasimama. "Samahani, Bwana. Mwisho upi? Ule wa sahani ya kwanza, au huu uliokatika?"

"Kaa chini, mama, hujui kitu," Albano akafoka.

"Basi soma namba za hizo sahani, Bwana Karani. Si msomi wewe?"

Akasoma. Mbele moja, nyuma kumi na mbili. Sahani ya pili: mbele mbili, nyuma kumi na moja.

Kumbe zilitengenezwa kwa ajili ya zile mashine zinazojibadilishia sahani zenyewe. Unapiga sita zote upande mmoja, ndipo unazigeuza. Miezi minane mtaa ulikuwa unatokwa machozi kwa simfoni iliyovurugwa.

Na Mzungu, mwenye muziki wake, hakusikia.

Akawa mwekundu, akakumbuka ana shughuli mjini. Ndiyo ile kofia.

Harusi ikapigwa lelemama siku tatu. Mwanaasha alirudi, akawekwa mstari wa nyuma.

Lakini kuna hili bibi alilotuficha miaka mingi. Jumapili iliyofuata alikwenda peke yake kwa Albano. "Ipige sawasawa," akamwambia.

Akaisikiliza yote, mpaka pigo la mwisho.

"Nzuri," akasema. "Kumbe kibaya kilikuwa nyie."

Basi wewe unayesifu kitu kwa kuangalia nani kakileta, tumia masikio yako. Hayo hukuazima kwa mtu.